Mpishi wa Kibokoni na Hesabu ya Stima

Mwaka wa 1966 hapakuwa na harusi ya maana Mji wa Kale iliyopikwa bila Mwanatumu binti Taib kuitwa, au kwa uchache kuulizwa. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mikono ina makovu madogo ya mafuta ya moto, na sauti yake ilikuwa ya kuamrisha hata alipoomba chumvi. Aliishi mtaa wa Kibokoni pamoja na kaka yake Athmani, karani wa forodha huko Kilindini, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao. Wanaume wa mji walijuana barazani. Yeye aliwajua watu kwa upande wa jikoni, ambako hakuna ajipambaye.

Ndiyo sababu Bwana Benard alimtaka.

Benard alikuwa kijana wa Kitaita, msomi wa mahesabu, aliyeletwa Mombasa na ofisi moja ya mipango. Alipangishiwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, Barabara ya Kilindini, akaweka meza, ramani, na mashine ya kuhesabia yenye mkono wa kuzungushwa. Siku alipokwenda bandarini kuitoa mashine ile, karani aliyemshughulikia alikuwa Athmani. Katika kungoja mihuri wakazungumza, na Benard akalalamika kwamba vijana wake wa kuuliza maswali wamekwama. Kila nyumba ya Mji wa Kale wanayobisha hodi huketishwa barazani, wakapewa kahawa, wakaambiwa wenyewe hawako.

"Wenyewe wako," Athmani akamwambia. "Hao vijana wako hawawezi kuvuka ukumbi, wala haifai wauvuke. Tafuta mwanamke."

Akamtaja dada yake, kisha njia nzima ya kurudi nyumbani akawa anajuta.

Mwanatumu alikwenda kumsikiliza mtu, hakwenda kukubali kazi. Alimkuta Benard amesimama mbele ya karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, imechorwa mistari mitatu iliyoanzia mahali pamoja na kuachana kadiri ilivyokwenda.

"Sabalkheri," akasema.

"Karibu, mama. Keti."

"Nitaketi nikishajua naketi kwa sababu gani."

Benard akaeleza. Stima ya Mombasa, yaani umeme, ilitoka kwenye mitambo inayochoma mafuta, na mafuta yaliletwa na meli. Meli ikichelewa, au bei ikipanda huko yanakotoka, mji mzima ulikuwa mashakani. Sasa nchi ilikuwa na fikira ya kuuzuia Mto Tana kwa mabwawa, maji yaanguke yazungushe mitambo, na stima hiyo ivutwe kwa nyaya mpaka pwani. Maji hayanunuliwi ng'ambo, na mvua huyarudisha. Lakini kabla ya kumwaga zege hata karai moja, lazima ijulikane watu watatumia stima kiasi gani miaka ijayo, wakubwa na wadogo. Kila mstari pale ukutani ulikuwa ni sera moja. Wa kwanza, nchi iendelee na mafuta. Wa pili, ijenge mabwawa lakini nyaya mpya ziende bandarini na viwandani. Wa tatu, ijenge mabwawa na kushusha bei, ili majumba ya watu nayo yapate.

"Naichora nchi ambayo bado haijawa," akasema. "Naichora mara tatu. Kisha wakubwa watachagua."

Mwanatumu akaitazama ile mistari. "Na mto ukikauka?"

"Hilo pia nimelitia hesabuni. Mwaka wa ukame tutarudi kidogo kwenye mafuta."

Alilipenda jibu lile, na kwa kuwa alilipenda, wasiwasi ukamzidi. Maneno mazuri alikuwa ameyasikia mengi tangu bendera ibadilishwe. Miaka michache tu nyuma watu wa pwani walikuwa wamegombana hata ndani ya nyumba moja juu ya nani atautawala mwambao, na waliokuwa wakisema kwa sauti kubwa sasa walikuwa wakisema kwa sauti ndogo. Katika siku kama zile hapana aliyependa kuhesabiwa.

"Wataka na majina ya wenye nyumba?"

"Jina, mtaa, na vitu vya stima vilivyomo."

"Majina sitaandika."

"Mama, bila majina nitajuaje kwamba..."

"Wataka kujua stima au wataka kujua watu?"

Benard alianza kucheka, kisha akaona si mzaha. Wakakubaliana aandike mtaa peke yake, na alama kwa kila kitu. Alipokuwa akisimama kwenda zake, Benard akamwuliza, kama mtu anayefanya adabu tu, "Na kwako, mama, mna nini cha stima?"

"Kwangu tupaache," Mwanatumu akasema, akajifunga buibui lake vizuri.

Njiani alijipa sababu moja iliyomtosha. Mtu atatumwa tu kuziingia nyumba zile. Afadhali awe yeye kuliko mtu asiyemjua.

Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya Bi Mwanaesha, Ndia Kuu. Bi Mwanaesha alikuwa bibi wa ukoo wa zamani, mwenye nyumba yenye milango ya nakshi na ulimi uliokata kuliko wembe. Mwanatumu ndiye aliyepika harusi za binti zake wote.

"Shikamuu, Bi Mwanaesha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona leo waja na mfuko, mwiko umeuacha wapi?"

Mwanatumu akaeleza habari za mto, za mabwawa na za nyaya. Bi Mwanaesha alimsikiliza huku akikata popoo za tambuu kwa mkasi wake, vipande vyembamba, bila kuinua uso. Mlangoni pa jikoni alikuwako Mbeyu, mwanamke wa Kigiriama aliyefanya kazi pale, akichagua mchele kwenye sinia.

"Sisi tuna taa," Bi Mwanaesha akasema. "Basi."

"Pasi?"

"Ya makaa."

"Feni?"

"Nyumba hii ina madirisha."

"Friji?"

"Hayo ni mambo ya Wazungu, mwanangu."

Kwenye pembe ya ukumbi palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa shuka la kitanda lenye tarizi, na juu yake kimewekwa chetezo cha kufukizia udi kama pambo. Mwezi uliopita Mwanatumu alikuwa amesimama papo hapo akinywa sharubati ya ukwaju iliyomwuma meno kwa baridi. Sasa, Bi Mwanaesha akiendelea kukata popoo, kitu kile kikatetemeka, kikaanza kunguruma.

Mbeyu akainamia sinia lake la mchele mpaka uso ukawa hauonekani.

"Na lile, Bi Mwanaesha?"

"Sanduku la marehemu mama."

Likaendelea kunguruma.

"Mungu amrehemu," Mwanatumu akasema, akaandika kwamba friji hakuna.

Angefanya nini? Mtu humwumbui nyumbani kwake, na hasa mtu ambaye umekula chumvi yake. Lakini alipotoka nje, jua la Ndia Kuu likampiga usoni, na akahisi amebeba kitu kisicho chake.

Nyumba zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo, kila moja kwa namna yake. Mtaa wa Kuze redio zote zilikuwa mbovu siku moja. Mkanyageni alipokewa na mwanamke aliyekalia mto wa pamba kama aliyeficha kitu chini yake, na kanzu za mumewe zimetundikwa zinatoa ule uvukuto wa kitambaa kilichotoka kupigwa pasi sasa hivi, naye akaapa kwamba hapo nguo hukunjwa tu zikawekwa chini ya godoro. Kwenye nyumba moja waya ulitoka dirishani ukaingia dirisha la jirani, na Mwanatumu akayageuza macho upande wa pili kabla hajaulizwa anatazama nini.

Kila mmoja alikuwa na dhana yake. Wengine walisema ni kodi, kila kitu cha stima kitalipiwa. Wengine walisema serikali yataka kujua nani ana jamaa Arabuni wanaomletea vitu. Wapo walioamini kwamba nyaya nene zahitaji njia pana, na njia pana haipatikani Mji wa Kale ila kwa kuvunja nyumba. Na baada ya siku chache ikazuka dhana ya nne, ambayo ilikuwa nyepesi kuliko zote kuaminika: Mwanatumu amenunuliwa.

Aliijua habari hiyo kwa pua. Adhuhuri moja alisikia harufu ya biriani ikija kutoka mtaa wa Mlango wa Papa, akajua ni ya karamu, akajua pia kwamba kitunguu kimetiwa kabla ya wakati wake. Harusi ile aliahidiwa yeye. Walikuwa wamemleta mpishi kutoka Likoni.

"Nilikwambia nini?" Athmani akamwuliza wakati wa chakula.

"Hukuniambia kitu, kaka. Wewe ndiye uliyenitaja."

Athmani akaosha mikono akaondoka bila kumaliza.

Baada ya wiki chache kazi ikaisha, na Benard akamwita ofisini kumshukuru. Alikuwa na furaha. Ile mashine ya kuhesabia ilikuwa imefunikwa kitambaa, na ukutani palikuwa na ramani mpya ya kisiwa na viunga vyake, imepakwa rangi. Bandari ilikuwa nyekundu sana, Changamwe nyekundu, barabara ya mahoteli rangi ya machungwa. Mji wa Kale ulikuwa umeachwa mweupe, mweupe kabisa.

"Hapa ndipo mashaka yangu yalipokuwa," Benard akasema, akiweka kidole juu ya ule weupe. "Sasa tumejua. Watu wa Mji wa Kale wana taa zao na wametosheka. Mahitaji yao hayakui. Mstari wa tatu hauna nguvu tena, mama. Ripoti yangu itapendekeza wa pili. Stima ya mto iende bandarini na viwandani, na huku nyaya za zamani zibaki zilivyo."

Mwanatumu akautazama ule weupe. Nyaya za zamani alizijua. Taa zilififia kila magharibi mji mzima ulipowasha pamoja. Na jambo lililomjia kwanza akilini halikuwa uongo wa Bi Mwanaesha. Lilikuwa shaka juu ya kijana aliyekuwa mbele yake. Labda hivi ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Labda alijua kwamba mpishi atadanganywa na atanyamaza, ndiyo maana akamtafuta mpishi.

"Bwana Benard, sema kweli. Jibu hili ulikuwa nalo kabla hujaniona?"

Uso wa Benard ukabadilika. "Mimi nimechora mlichonipa."

"Nimekuuliza."

"Nami nakujibu. Huo mstari wa tatu naupenda mimi kuliko unavyoupenda wewe. Kwetu milimani mama yangu hupika huku amefumba macho kwa moshi. Lakini siandiki nilipendalo. Naandika nililoletewa, na aliyeniletea ni wewe."

Mwanatumu akaketi. "Niliyokuletea si kweli," akasema.

Benard akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Nani aliyedanganya?"

"Majina tulikubaliana hapana."

"Basi na mimi nikuulize, mama. Kwanza mliniambia hamna. Sasa umeiona ramani, waniambia mnavyo. Nitajuaje kwamba hili la leo ndilo kweli?"

Wiki zile zote Mwanatumu alikuwa akimshuku Benard, na mji ulikuwa ukimshuku yeye, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kijana huyu naye angemshuku. Lilimwuma kuliko alivyotazamia. Akaomba apewe siku chache, akashuka ngazi.

Baada ya sala ya alasiri siku ya pili akawaita wanawake nyumbani kwake. Aliwaita wengi, wakaja wachache, nao walikaa karibu na mlango. Alikuwa hajamaliza kumimina kahawa Bi Mwanaesha alipoingia, Mbeyu nyuma yake, na kila mtu akasimama kwa mshangao.

Mwanatumu akawaeleza bila kupamba. Akasema juu ya ramani na ule weupe. Akasema kwamba kule Nairobi watu watachagua njia ya nchi nzima kwa kutazama michoro, na kwamba katika mchoro ule Mji wa Kale ni mahali pasipotaka kitu.

"Na wewe," Bi Mwanaesha akauliza, "umeahidiwa nini kuja kutuambia haya?"

"Sikuahidiwa kitu."

"Kila anayehesabu ana lake."

"Huenda analo. Mimi mwenyewe simwamini sana," Mwanatumu akasema. "Lakini tukinyamaza, ameandika kwamba hatutaki. Hilo nimeliona kwa macho yangu."

Wakabishana. Mmoja alisema afadhali kukosa stima kuliko kuvunjiwa nyumba. Mwengine akasema nyumba itavunjwa na moshi kabla ya serikali. Mwisho Bi Mwanaesha akainua mkono, wakanyamaza.

"Mimi kwa mdomo wangu sitasema nina nini, si kwako, si kwa huyo Mtaita, si kwa yeyote. Lakini mkono ndani ya kapu hauna mdomo. Pitisha kapu lililofunikwa. Atakaye atie, asiyetaka asitie, na asijulikane."

Ndivyo walivyofanya. Lilichukuliwa kapu kubwa la ukindu, likafunikwa leso, na Mwanatumu na Mbeyu wakalipitisha nyumba kwa nyumba. Kokwa ya tende ilikuwa pasi, popoo ilikuwa friji, lozi ilikuwa feni, punje ya hindi ilikuwa redio. Mwenye nyumba alilichukua kapu ndani peke yake akalirudisha. Milango iliyokuwa imemfungia Mwanatumu ilifunguka kiasi cha kapu kupita, na wengine hawakumtazama usoni, lakini kapu walilichukua.

Siku ya mwanzo alirudi na matumaini. Siku ya mwisho alilikuta kapu zito ajabu. Walipolimwaga mkekani, yeye na Athmani, wakatazamana. Popoo zilikuwa nyingi kuliko nyumba za mitaa ile zote.

"Habari imewatangulia," Athmani akasema. Aliisikia barazani jioni ile. Watu walikuwa wakisema kwamba mwenye vitu vingi ndiye atakayevutiwa waya mpya, na asiye navyo ataachwa. "Wametia kwa makonzi."

Mwanatumu akakaa na lile fungu mbele yake. Nyumba zile alizijua, si zote, wala ghorofani hakuwahi kufika, lakini jikoni alizijua. Angeweza kuzipunguza popoo mpaka ziwe kiasi cha kuaminika. Hapana ambaye angejua.

"Punguza," Athmani akasema, kama aliyeisikia fikira yake. "Ukimpelekea hivi atakucheka."

Mwanatumu akanyoosha mkono, akakusanya konzi moja ya popoo. Akaishika. Kisha akairudisha kapuni.

"Nikipunguza, kaka, nimekuwa yule yule wanayemsema."

Alipofika ofisini asubuhi alikuta mlango umefunguliwa na Benard ana mgeni. Alikuwa mtu mnene aliyevaa tai, na Mwanatumu hakuwahi kumwona. Hakutaja jina wala ofisi yake, na Benard hakuijibu salamu ya Mwanatumu kwa uchangamfu wake wa kawaida. Meza yake ilikuwa imepekuliwa, karatasi zimetandazwa.

"Nchi moja, kazi moja," mgeni alikuwa akisema. "Ninyi mmeingia majumbani, sisi hatukuingia. Mnatusaidia tu. Nani ana nini, nani anaishi na nani. Karatasi zenu lazima zina majina."

"Hazina," Benard akasema. "Tazama mwenyewe. Zina mitaa."

"Msomi kama wewe, ukakusanya habari bila majina?"

"Mimi nahesabu stima."

Mgeni akageuka, akamwona Mwanatumu mlangoni na kapu lake. Akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mama uliyekuwa ukiingia?"

"Ndimi."

"Basi wewe wakumbuka. Wewe ni mtu wa huko, hapana nyumba usiyoijua. Keti hapa uniambie polepole, nyumba moja moja."

Mwanatumu akalivuta kapu karibu naye. Kwa hiyo hawakuwa wendawazimu wale wanawake. Lile shuka lenye tarizi, redio mbovu, yule aliyekalia mto, wote walikuwa wameona kitu ambacho yeye alikuwa ameanza kuwalaumu kwa kukiona. Akamtazama Benard. Rangi ilikuwa imemtoka, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Hapo ndipo alipojua kwamba yule kijana hakuwa na habari ya jambo lile.

"Mimi mpishi, mwanangu," akamwambia mgeni. "Nakumbuka masufuria."

"Na humo kapuni mna nini?"

Mwanatumu akaifunua leso. Mgeni akatia mkono, akatoa kokwa, popoo, lozi, akavigeuzageuza kiganjani.

"Hivi ni vitu gani?"

"Hesabu ya stima ya Mji wa Kale," Benard akajibu, na sauti yake ilikuwa imara. "Ukijua popoo ile ni ya nani, niambie na mimi."

Mgeni akazirudisha kapuni, akajipangusa mkono kwa leso ya mfukoni, akasema atarudi. Walimsikia akishuka ngazi mpaka chini. Benard akaenda akaufunga mlango, kisha akasimama akiuegemea.

"Wallahi sikujua," akasema, na kusikia Mtaita wa kanisani akiapa kwa Wallahi kukamfanya Mwanatumu atake kucheka, lakini hakucheka.

"Sasa wajua kwa nini majina sikuandika."

"Najua."

Wakaketi. Mwanatumu akalisukuma kapu mbele yake. "Na hili nalo lisikudanganye. Mna uongo wa pili humu. Ule wa kwanza ulikuwa wa woga, huu ni wa tamaa. Kweli iko katikati, lakini iko wapi hasa, hata mimi sijui."

Benard alihesabu asubuhi nzima, akizungusha mkono wa ile mashine. Kisha akachukua kalamu, akaenda ukutani, na mahali pa Mji wa Kale akachora mistari miwili, mmoja chini kwa hesabu ya uchache na mmoja juu kwa hesabu ya wingi, na nafasi pana kati yake. Akasema ripoti itakwenda hivyo. Itasema kwamba hapa haijulikani, na kwamba mahali pasipojulikana si mahali pasipotaka, na kwamba asichague mtu sera ya pili kwa kutegemea ule weupe. Hakuahidi zaidi ya hapo. Mwanatumu alimheshimu kwa kutoahidi.

Mwezi uliofuata Benard alihamishwa. Wengine walisema amepandishwa cheo, wengine walisema ameadhibiwa kwa ukaidi, na hakuna aliyejua. Yule mtu wa tai hakuonekana tena, au kama alionekana alikuwa amevaa nguo nyingine.

Kwa Mwanatumu mambo hayakunyooka upesi. Hapakuwa na shahidi wa aliyoyasema ofisini ila mtu aliyekwisha kuondoka. Alimsimulia Athmani, na Athmani akasema, "Mimi nakuamini. Lakini usitake waamini na wao." Hakujaribu. Alipika karamu za Kisauni na za Majengo, kwa watu wasiomjua sana. Mbeyu alipomwoza binti yake kule Rabai alimwita yeye, na huko alipika siku mbili kati ya watu waliompenda kwa mkono wake tu. Taratibu Mji wa Kale nao ukaanza kumwita, kwanza msibani, ambako mpishi hachaguliwi sana, kisha kwenye aqiqa, kisha harusini. Zilibaki nyumba ambazo alipoingia, mazungumzo yalishuka sauti. Alizoea. Mara nyingine alikasirika, mara nyingine aliona wana haki.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, redio ilipotangaza kwamba maji ya Tana yamezuiwa na mitambo imeanza kuzunguka, wachimbaji walifika Ndia Kuu na majembe na sururu. Watu wakatoka milangoni. Hapana aliyekuwa ameambiwa. Wazee wakataka kujua nani amewatuma, wanawake wakachungulia madirishani wakihesabu nyumba zilizo karibu na mtaro. Msimamizi wa wachimbaji, mtu mwembamba aliyeitwa Kombe, alichoka kujibu.

Mwanatumu alikuwa akitoka marikiti na kapu la viungo. Akasimama kando ya mtaro, akautazama ule waya mnene mweusi uliolala chini kama chatu.

"Huu waenda mpaka wapi, bwana?"

"Mpaka pale kwenye kona ya msikiti, bibi."

"Na Kibokoni?"

"Kibokoni sikuambiwa."

"Nani aliyeamua ukome pale konani?"

Kombe akajipangusa jasho. "Imeandikwa Nairobi. Mimi nachimba."

Akafikiria ile mistari miwili ya Benard, wa chini na wa juu, akajaribu kujua ni upi uliofika kwenye jembe la Kombe. Hakuweza. Huenda kijana aliwashinda wakubwa nusu. Huenda hawakumsoma kabisa, na kona ile ilichaguliwa na mtu aliyechoka mchana mmoja ofisini. Kibokoni walipata waya huo miaka miwili baadaye, baada ya wenye nyumba kwenda kulalamika kwa pamoja, na Mwanatumu akiwa mmoja wao.

Siku ile ya mtaro mwanamke mmoja jirani alimwita dirishani kwa sauti ya chini. "Mwanatumu, wewe wazijua kazi hizi. Watatuvunjia?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Endelea kuwatazama."

Kisha akaenda zake, kwani alikuwa na wageni wa watu wa kuwapikia na kitunguu kilikuwa hakijakatwa.